Hamsta wangu amekufa usiku huu. Nifanye nini cha kumkumbuka kabla sijamzika?

Macho_ya_Usiku (mleta uzi)

Wadau, habari za saa hizi. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni kando ya kizimba, na Tone yumo kwenye kiboksi mapajani mwangu. Amekufa leo saa mbili na nusu usiku. Ni hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, wale wa rangi ya dhahabu wenye tumbo jeupe, na alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Kwa hamsta huo ni uzee, maana wengi huishi miaka miwili hadi mitatu. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa wanyama aliniambia mapema kwamba kwa umri wake upasuaji ungemmaliza, tukakubaliana apewe dawa ya maumivu na aachwe apumzike. Kwa hiyo nilijua. Ila kumbe kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine.

Mimi hufanya kazi zangu nyumbani usiku. Kwa miaka miwili sauti iliyonikesha ni ya gurudumu lake. Lilikuwa na kasoro kwenye ekseli, kila likizunguka linatoa mlio mdogo, krii, krii, krii, nami nilishalizoea hadi nikawa silisikii. Leo limesimama na nimeshindwa kufanya kazi yoyote.

Kesho asubuhi nataka kumzika. Naogopa azikwe halafu nibaki sina kitu zaidi ya picha 300 kwenye simu ambazo sina nguvu ya kuzifungua. Mliowahi kufiwa na mnyama mdogo, awe panya, simbilisi, sungura, ndege au samaki, mlifanya nini? Na je, kuna jambo la kufanya usiku huu ambalo nikilikosa silipati tena? Tone alikuwa na gramu 130. Mawazo mengi niliyoyaona ni ya wenye mbwa, mkanda wa shingoni kwenye fremu, jiwe kubwa bustanini. Yeye hakuwahi kuvaa mkanda.

Sikio_la_Sungura

Pole sana mkuu. Kabla ya yote nina swali moja, na naomba usinielewe vibaya: una hakika amekufa? Nauliza kwa sababu hamsta akipatwa na baridi, hasa akiwa pia amekosa chakula, huweza kuingia kwenye usingizi mzito sana. Mwili unapoa, pumzi zinaachana mbali hadi huzioni, na ule moyo ambao kwa kawaida hupiga mara 250 hadi 500 kwa dakika unabaki kupiga mara chache tu. Kama kuna shaka hata kidogo, mweke viganjani, mpashe joto polepole, kisha tazama sharubu na mbavu kwa subira. Akibaki vilevile na mwili ukawa umekakamaa kuanzia taya hadi miguu, hapo huna la kusubiri.

Nawaandikia na wengine watakaopita hapa: fanyeni hivyo kwanza, ndipo mtafute boksi.

Macho_ya_Usiku

Asante kwa kuuliza, sijaudhika. Chumba kina joto, na alifia mkononi. Nilikuwa nimemshika kifuani kwa kidole cha shahada, moyo ukawa unakwenda mbio kama kawaida yake, halafu ukaanza kuruka, halafu ukapiga mara mbili za mwisho zilizoachana sana. Niliendelea kushika karibu nusu saa. Sasa hivi amekakamaa wote.

Mkono_wa_Udongo

Pole mleta uzi. Nimefuga panya kwa miaka mingi na nimewazika tisa, kwa hiyo nitakwambia la usiku huu tu, mengine yatasubiri.

Kwanza, asubuhi si lazima. Mfunge kwenye kitambaa cha pamba, mtie kwenye mfuko usiopitisha hewa, kisha ndani ya boksi, umweke kwenye friji sehemu ya chini. Atakaa siku mbili au tatu bila tatizo. Kama ungependa daktari amchunguze kujua kilichomuua, friji inafaa, friza haifai kwa sababu barafu huharibu kile anachotaka kukiangalia. Hilo tu likupunguzie haraka. Mimi wangu wa kwanza nilimzika baada ya saa mbili nikilia, na mpaka leo sina hata unywele wake.

Pili, nyayo. Hiki ndicho ambacho kikipita hakirudi. Watu wengi hutumia unga, chumvi na maji: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, unakanda, unabonyeza mguu, unaoka kwa moto mdogo wa nyuzi 100 kwa saa mbili au tatu. Kwa paka inatosha. Kwa hamsta haifai, chembe za chumvi huharibu alama za vidole vyake vidogo. Mguu wake wa nyuma ni mdogo mno. Unahitaji kitu laini zaidi. Ukipata ile silikoni ya sehemu mbili ambayo madaktari wa meno huchukulia umbo la meno, hiyo ndiyo bora kuliko zote, inashika hadi mikunjo ya ngozi. Bonyeza mguu, subiri dakika chache igande, toa, kisha mimina ndani yake unga wa jasi uliokorogwa na maji. Ukikosa, tumia udongo laini wa mfinyanzi.

Mwili kukakamaa kusikutishe. Usilazimishe kiungo kukunjuka, kitavunjika. Acha, huo ukakamavu hulegea wenyewe baada ya siku moja au mbili, ingawa kwenye friji huchelewa. Na si lazima ungoje. Badala ya kuupeleka mguu kwenye udongo, upeleke udongo kwenye mguu: uviringe kama kidonge, uubonyeze kwa chini kwa kidole. Anza na mguu wa nyuma. Wa mbele una vidole vinne vinavyoonekana, wa nyuma una vitano, na ule wa nyuma ndio unaotoa umbo zuri.

Tatu, wino. Kidau cha wino wa muhuri, karatasi laini isiyo na mng'ao. Gusa wino kwa pamba, paka unyayo kidogo sana, bonyeza. Piga kumi au kumi na tano. Nyingi zitakuwa madoa tu, na moja itatoka safi kabisa. Kisha mpanguse miguu kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu.

Nne, manyoya. Kata kidogo ubavuni kwa mkasi mdogo, weka kwenye kichupa cha kioo chenye kifuniko. Kikae mbali na jua, rangi hupauka.

Tano, na hili fanya hata kama mengine yote umeshindwa: piga picha ya mikono yako ukiwa umemshika. Huwezi kuiangalia leo. Baadaye ndiyo itakayokukumbusha alikuwa mdogo kiasi gani.

Macho_ya_Usiku

Nimesoma mara tatu. Silikoni sina, ila nina udongo wa mfinyanzi na kidau cha wino. Naanza. Ahsante sana mkuu, sikujua kama naweza kumweka hadi keshokutwa.

Tundu_Wazi

Pole mpendwa. Mimi ni mtu wa ndege. Kasuku wangu mdogo wa kijani aliishi miaka saba. Kwa ndege kinachobaki ni manyoya ya mabawa na mkia, na uzuri wake ni kwamba hupukutika yenyewe kila anapobadilisha, kwa hiyo usisubiri kifo. Nilikuwa nayaokota tangu mwaka wa kwanza, na leo nina daftari lenye manyoya yaliyobandikwa mwaka kwa mwaka. Unaona jinsi bluu ya mkiani ilivyokolea.

Lakini tahadhari, na naomba ichukuliwe kwa uzito. Kama ndege amekufa kwa ugonjwa usiojulikana, usimnyonyoe. Kuna homa ya kasuku, bakteria wake hukaa kwenye vumbi la kinyesi na la manyoya yaliyokauka, na hupata binadamu kwenye mapafu. Vaa barakoa na glovu unaposafisha tundu, lowesha kwanza ndipo ufute, usifagie pakavu. Manyoya uliyoyaokota akiwa mzima, yatie kwenye mfuko uliofungwa, uyaweke friza wiki mbili ili utitiri na mayai ya wadudu yafe, kisha yahifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa. Nililipuuza hilo mwanzoni, nondo wakala manyoya yote ya mwaka wa pili.

Ninachojutia ni sauti. Alikuwa anajifunza kuiga mlio wa simu yangu, anaukosea mwishoni kila siku, na mimi nilikuwa namwambia anyamaze. Sikurekodi hata mara moja. Mleta uzi, kama una video yoyote yenye mlio wa gurudumu nyuma yake, itafute leo.

Mgeni_Jukwaani

Samahani wakuu, mimi sijawahi kufuga na sitaki kumuumiza mtu. Nauliza kwa nia ya kuelewa. Mnyama wa gramu 130 anayeishi miaka miwili, kwa nini ajengewe kumbukumbu? Haiongezi huzuni?

Sikio_la_Sungura

Swali lako ni la haki na umeliuliza kwa adabu, nitajaribu.

Jambo lenyewe si la juzi. Berenike, bandari ya kale ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua makaburi ya wanyama ya karibu miaka 2,000 iliyopita. Zaidi ya wanyama 500, wengi wao paka, kuna mbwa na nyani pia. Paka wengine wamekutwa na mikanda shingoni, wengine wamefunikwa kwa kitambaa au vigae vya mitungi. Pale Asnières, nje kidogo ya Paris, kuna makaburi ya wanyama yaliyofunguliwa mwaka 1899, na humo utakuta mbwa na paka kwa wingi, lakini pia sungura, ndege na hamsta. Mtu alimfunika paka wake kwa kigae karne ishirini zilizopita kwa sababu ileile inayomfanya mleta uzi akae sakafuni sasa hivi.

Kuhusu kuongeza huzuni, kwangu mimi ilikuwa kinyume. Mnyama mdogo anapokufa hakuna anayekuja. Hakuna anayekupigia simu, kesho unatakiwa uwe kazini na uso wa kawaida. Mbwa akifa majirani wanaona hatoki tena matembezini, watauliza. Sungura akifa hakuna anayejua ila wewe. Ukishafanya kitu kwa mikono yako, hata kichupa cha manyoya, angalau kuna mahali pa kuipeleka ile huzuni. Mimi ilikuwa inanijia jikoni kila asubuhi saa ya kumpa majani, mpaka nilipomtengenezea rafu yake.

Mgeni_Jukwaani

Nimeelewa. Pole sana mleta uzi.

Simbilisi_Wawili

Mimi naongeza upande ambao haujaguswa: aliyebaki. Hamsta wa dhahabu huishi peke yake kwa hiyo Tone hakuacha mwenzake, ila wenye simbilisi na sungura msisahau hili. Mwaka jana simbilisi wangu mkubwa alipokufa nilimtoa haraka nikihofia mwenzake ataogopa. Yule aliyebaki alizunguka kizimba siku nne akipiga ile sauti yao ya kuita, anasimama, anasikiliza, anaita tena. Daktari akaniambia ningemwachia mwili kwa saa chache, kama hakuna hofu ya ugonjwa wa kuambukiza. Wakimnusa wanaelewa. Baadaye sungura wa dada yangu alipokufa tulifanya hivyo. Yule dume alikaa karibu naye, akamlamba masikio, kisha baada ya muda akaondoka mwenyewe kwenda kula. Hakumtafuta.

Simbilisi hawawezi upweke. Uswisi tangu mwaka 2008 sheria inakataza kumfuga mmoja peke yake. Kwa hiyo kumletea aliyebaki mwenzake si kumsaliti aliyekufa. Nilibeba hatia hiyo wiki mbili, na ule muda wote mnyama mzima alikuwa anakonda. Kwangu kumbukumbu ya kwanza ya aliyekufa ni kumtunza mwenzake. Picha za ukutani zilikuja baadaye.

Mama_wa_Watatu

Poleni. Kwetu alikufa samaki wa dhahabu wa binti yangu wa miaka sita. Nilifanya kosa la kwanza nililoambiwa nisifanye, nikamwambia "amelala". Usiku ule binti akakataa kulala. Nikakaa naye, nikamwambia neno lenyewe: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, haumii, na hatarudi. Alilia, kisha akauliza maswali kumi ya maana, kisha akalala.

Usimmwage samaki chooni. Maji ya choo yanaishia mahali penye viumbe wengine, na samaki aliyekufa kwa ugonjwa anaweza kuupeleka huko. Tulimzika kwenye kiboksi cha njiti za kiberiti, binti akachora magamba juu yake. Kilichomsaidia zaidi ni kokoto. Alichagua kokoto moja kutoka kwenye tangi, ile ambayo samaki alipenda kujificha nyuma yake, na hutembea nayo mfukoni.

Mjomba wake alisema "samaki wenyewe hawadumu". Nikamwambia kuna samaki wa dhahabu Uingereza, Tish, aliyepatikana kama zawadi ya mchezo kwenye maonyesho mwaka 1956 akafa 1999, miaka 43. Wengi hawadumu kwa sababu tunawaweka kwenye bakuli. Sisi tulimweka kwenye bakuli, na hilo nimelisema mbele ya binti yangu. Wakipatikana wengine wataingia kwenye tangi la kweli.

Udongo_Mweusi

Kuhusu kuzika, naona hakuna aliyetoa vipimo. Ardhini, kina kisipungue sentimeta 60 hata kwa mnyama mdogo, kwa sababu paka na mbwa hunusa. Mbali na kisima, mfereji au bomba. Kitambaa cha pamba na boksi la karatasi, plastiki hapana, itamzuia kuoza na kuwa udongo. Juu weka jiwe bapa zito, linazuia kufukuliwa na ndilo alama yenyewe. Na kama daktari alimlaza kwa sindano ya kumaliza uhai, zidisha kina, maana dawa ile, pentobabitali, hukaa mwilini na udongoni muda mrefu, na mnyama akifukua akala anaweza kufa.

Kama unaishi nyumba ya kupanga, usimzike mahali ambapo utahama ukapaacha. Tumia chungu. Kwa mwili wa hamsta chukua chungu kikubwa chenye kina, changarawe chini, udongo, mwili katikati, kisha udongo wa kutosha juu yake, halafu mmea wa kudumu unaovumilia kukaa chungu kimoja miaka mingi. Usiuhamishe mmea huo kwenda chungu kingine walau mwaka mzima. Mmea ukifa usijilaumu, panda mwingine. Nimesema hivyo kwa sababu wangu ulikufa mwezi wa tatu na nilihisi nimempoteza mara ya pili. Siku hizi hapo kuna mwingine na umeshamiri.

Rafu_ya_Juu

Na wanaochagua kuchoma mwili, ulizeni mapema. Kuna kuchomwa pamoja na wengine, ambapo hurudishiwi majivu, na kuna kuchomwa peke yake. Kwa mnyama mdogo waulize kama wana trei yake ndogo, kwa sababu majivu ni machache mno, upepo wa tanuru unaweza kuyapeperusha. Kwa gramu 130 tegemea kijiko kimoja cha chai, au pungufu. Mimi sikuandaliwa kwa hilo. Nilipofungua kile kichupa nilidhani wamenipa nusu.

Lakini uchache huo una faida yake. Kiasi hicho kinaenea kwenye kidani, au kwenye kitone cha rezini, ile gundi inayoganda ikawa ngumu kama kioo. Msiyafukie majivu tupu kwenye mizizi ya mmea. Yana chumvi na yana ualkali mkali, yataunguza mizizi. Changanyeni na udongo mwingi kwanza.

Wa kukausha mwili ili abaki na umbo lake, hilo lipo na sina ubaya nalo kwa wengine. Mimi nisingeweza. Niliwahi kumwona sungura aliyekaushwa na mtu mwenye ujuzi kabisa, kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa pua haikutikisika. Anayetaka aamue siku ileile na amweke friza mara moja.

Macho_ya_Usiku

Wadau, ni jioni ya siku ya pili. Nimemzika asubuhi hii, kwenye chungu, kama Udongo_Mweusi alivyoelekeza, maana nimepanga. Nilimlaza kwenye kipande cha fulana yangu ya zamani, aliyokuwa anaichana kutengenezea kiota.

Nyayo: nilipiga kumi na nne za wino, kumi na mbili ni madoa. Ya kumi na tatu imetoka. Vidole vitano na vidoto vya chini, vyote vinaingia ndani ya sarafu ndogo. Udongo nao umeshika mguu mmoja wa nyuma, nimemimina jasi, nangoja.

Nimepata pia video. Ni ya mwaka jana, nilikuwa naonyesha rafiki yangu rangi mpya ya ukuta, Tone haonekani kabisa, ila nyuma kuna krii, krii, sekunde 41. Nimeisikiliza mara moja tu.

Tundu_Wazi

Nimefurahi hadi machozi. Sasa nisikilize: toa sauti peke yake kwenye ile video, iwe faili lake. Weka nakala mbili, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni na nyingine kwenye diski au kifaa kisichokaa na simu yako. Lipe jina lake na tarehe, usiliache na lile jina la namba. Simu huibwa na huanguka majini.

Na picha 300, usizifute wala usijilazimishe kuzipanga sasa. Baada ya mwezi chagua kumi na mbili tu, uzichapishe kwenye karatasi.

Sikio_la_Sungura

Ushauri wangu wa mwisho kwako mkuu: andika wasifu wake. Ukurasa mmoja. Fanya wiki hii, kwa sababu yale madogo ndiyo yanayokimbia kwanza. Alikuwa anaanza kula upande gani, alikuwa anakojoa kona ipi, alikuwa anaitikia sauti gani.

Na uanze na asili yake, maana ana asili ya kuandikwa. Mwaka 1930 karibu na Aleppo, Syria, alifukuliwa mama hamsta na watoto wake kutoka kwenye shimo lao chini ya ardhi. Wachache waliopona wakazaliana, na karibu hamsta wote wa dhahabu waliopo majumbani duniani leo wametokana na kizazi kile. Tone wako naye. Familia moja iliyoenea dunia nzima kwa miaka isiyofika mia.

Macho_ya_Usiku

Hili sikulijua. Kwa hiyo ana mji wa asili. Nitaandika.

Macho_ya_Usiku

Wadau, imepita miezi mitatu, nimeona nirudi kuwapa mrejesho kwa sababu uzi huu ulinishika mkono usiku ule.

Mmea uko hai na umetoa majani mapya mawili. Unyayo wa wino nimeutia kwenye fremu ndogo, uko juu ya meza ya kazi. Wasifu umefika kurasa tatu. Unaanza Aleppo na unaishia mkononi mwangu, na katikati kuna mambo ambayo leo hii ningekuwa nimeyasahau: kwamba alikuwa akijaza mashavu kisha anasahau kuyatoa, analala hivyo uso umevimba. Kwamba alikuwa akisikia funguo zangu mlangoni anasimama wima, mkono mmoja umegusa chuma cha kizimba.

Gurudumu nimeliosha na nimelihifadhi. Sijalitia mafuta. Kuna usiku kazi ikiwa nyingi huwa nalisukuma kwa kidole lizunguke mara moja.

Sijafuga mwingine bado. Nikimpata atakuwa na gurudumu lake jipya.

Swali kwa Mkono_wa_Udongo: ule unyayo wa jasi umeanza kutoa unga pembezoni nikiushika. Niupake nini?

Mkono_wa_Udongo

Hongera kwa majani mapya. Unga huo ni kwa sababu jasi ilikauka ikiwa na maji mengi, si kosa, hutokea. Usiioshe. Ipanguse vumbi kwa brashi laini kavu, kisha paka varnishi ya maji isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba, mbele na nyuma, uache siku nzima kati ya moja na nyingine. Tabaka nene litajaza mikunjo ya vidole. Isikae bafuni wala dirishani panapoingia mvua. Na kabla hujapaka, ipige picha ya karibu ukiwa na rula pembeni, ili ikivunjika siku moja uweze kuchonga nyingine kwa kipimo chake.